Kuvuka boda na kamera: kuingia ni jambo moja, kufanya kazi ni jambo jengine

Tangu Tanzania itoe ile amri ya Julai 2025 ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, maneno yamekuwa mengi kwa wapiga picha wa hapa Mombasa, haswa wale wanaoitwa Tanga, Dar au Unguja kupiga harusi. Mmoja atakwambia Wakenya hatutakiwi tena kule, mwengine atakwambia sisi sote ni Afrika Mashariki hakuna wa kukuuliza kitu, na wa tatu ana uhakika kabisa kwamba muradi umelipwa kwa M-Pesa ya Kenya basi hiyo haihesabiwi kazi ya Tanzania. Wote watatu wamekosea, na kila mmoja amekosea kivyake, kwa hivo tulichambue pole pole jambo lenyewe maana kuna watu wanapoteza dili nzuri kwa uoga wa bure na kuna wengine wanaingia matatani kwa kujiamini kusikokuwa na msingi.

Tuanze na maneno yenyewe. Watu wanasema "visa" kwa kila kitu, na hapo ndipo mkorogo unapoanza. Chukulia nchi ya mwenzio kama nyumba ya watu. Visa ni kupiga hodi, unaomba uruhusiwe kufika mlangoni na kukaribishwa. Ile stempu unayogongewa boda, ambayo ndio pasi ya mgeni, ni karibu, umeruhusiwa ukae sebuleni kwa siku kadhaa, unywe chai, uzungumze, uondoke. Kibali cha kazi ni ruhusa ya kuingia jikoni ukapike na ulipwe. Kuna nyumba ambazo huhitaji hata kupiga hodi kwa sababu ni za jamaa zako, unaingia tu, lakini hata hapo hujapewa jiko. Ukishika hilo moja, mengine yote yatakuwa mepesi.

Sasa sisi na Watanzania, Waganda, Wanyarwanda na Warundi tumefungwa na Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyosainiwa Novemba 2009 na kuanza kazi Julai 2010. Itifaki hiyo inampa raia wa nchi moja haki ya kuingia nchi nyengine bila visa na kupewa pasi ya mgeni ya mpaka miezi 6, bila kulipia. Kwenda Uganda na Rwanda unaweza hata kutumia kitambulisho chako cha kitaifa, hizo nchi mbili na Kenya zilikubaliana hivo na ikaanza 2014. Tanzania haikuingia kwenye mpango huo wa kitambulisho, kwa hivo ukielekea Tanga beba paspoti, na kama huna paspoti kuna kile cheti cha muda cha kusafiria kinachotolewa na imigresheni yetu. Paspoti ya kurasa 34 siku hizi ni shilingi 7,500, na kwa mtu anayefanya kazi hii ya kuitwa itwa ni pesa iliyokwenda mahali pake.

Hapo ndipo watu wengi wanapoishia kusoma. Wanaona "bila visa", wanaona "miezi 6", wanafunga begi. Lakini itifaki ile ile imetenganisha mambo matatu, na kila moja lina kanuni zake: kuna mtu anayetembea, kuna mfanyakazi aliyeajiriwa, na kuna mtu anayejifanyia biashara yake au anayeuza huduma. Yule wa kutembea mlango wake uko wazi. Yule mwajiriwa, kama mkataba wake unazidi siku 90, anatakiwa aombe kibali cha kazi ndani ya siku 15 za kazi tangu asaini mkataba, na kama ni kazi ya siku 90 kushuka chini kuna kitu kinaitwa pasi maalum, inayompa ruhusa ya muda mfupi bila kupitia msururu wote wa kibali kamili. Tena hata kwa wafanyakazi na huduma, kila nchi iliandika yenyewe ni kazi gani imezifungua na ni zipi bado, na Tanzania ilifungua kwa tahadhari kuliko jirani zake.

Sasa mpiga picha wa kujitegemea anaingia wapi hapo? Kwa maneno anafanana na yule wa tatu, anayeuza huduma, lakini mbele ya afisa mambo si mepesi hivo. Hajaajiriwa na mtu, kwa hivo si mfanyakazi kwa maana ile ya mkataba na mshahara. Hajafungua kampuni kule, kwa hivo si mwekezaji. Na hakika si mtalii, maana mtalii haamki alfajiri kwenda kupima mwanga wa ukumbi. Sheria nyingi za uhamiaji ziliandikwa zikimfikiria mtu wa kiwanda au mtu wa kampuni, huyu wetu wa "nipigie picha Jumamosi nikulipe Jumatatu" hakuna aliyemkumbuka, na ndio maana ukiuliza maafisa wawili unaweza kupata majibu mawili. Ninavyoona mimi hii ndio kasoro kubwa ya mpango mzima, na inawaumiza vijana kuliko hiyo amri ya biashara 15 inayopigiwa kelele.

Chukua mfano wa dada anayepiga picha za kupamba, ile sherehe ya wanawake kwenye harusi. Anayejua harusi za pwani anajua kwamba kwenye kupamba mwanamume haingii, simu zinakusanywa mlangoni, wanawake wamevua buibui na wamejiachia, kwa hivo mpiga picha lazima awe mwanamke, tena mwanamke wa kuaminika asiyevujisha hata picha moja. Dada kama huyo akishajulikana Mombasa basi ataitwa Tanga, ataitwa Pemba, kwa sababu familia ni zile zile, zimeoana pande zote mbili za boda miaka mingi kabla boda yenyewe haijawekwa. Anaondoka Alhamisi, Ijumaa anapiga kupamba, Jumamosi anapiga bibi harusi, Jumapili yuko Likoni anangoja feri. Kwake yeye ameenda kwa watu wake. Kwa afisa wa uhamiaji ni mgeni aliyeingia kufanya shughuli ya kulipwa. Na sheria iko upande wa afisa.

Kwa kazi ya siku mbili tatu kama hiyo njia iliyo karibu zaidi ni ruhusa ya muda mfupi, sio kibali cha miaka miwili, na hili ni jambo zuri kulijua kwa sababu wengi wakisikia "kibali cha kazi" wanafikiria maelfu ya dola na miezi ya kungoja, wanakata tamaa na kuamua kupita kimya kimya. Kibali kamili Tanzania bara ni kweli kina mlolongo. Sheria yao ya 2015 ya kuratibu ajira za wasio raia inataka karatasi mbili kutoka ofisi mbili, kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi na kibali cha ukaazi kwa Uhamiaji, na ukiwa na moja bila nyengine bado hujakamilika. Lakini hiyo ni ya mtu anayekwenda kukaa. Wewe wa wikendi uliza ruhusa ya muda mfupi, na uulize kabla ya kusafiri. Hapa hapa Mombasa kuna ubalozi mdogo wa Tanzania, mtu anaweza kwenda kwa miguu akauliza akapata jibu, halafu unamsikia ametegemea alichoambiwa na konda wa basi.

Turudi kwenye hiyo amri ya 2025 iliyoleta kelele zote. Ilitolewa na waziri wa viwanda na biashara wa wakati huo, Selemani Jafo, na inawazuia wasio raia kufanya biashara kama za rejareja na jumla, uwakala wa kutuma pesa kwa simu, kutengeneza simu, saluni, usafi wa nyumba na ofisi, kuongoza watalii, udalali, kununua mazao shambani, uchimbaji mdogo wa madini na kadhalika. Adhabu si ya mchezo, faini isiyopungua shilingi milioni 10 za Tanzania au kifungo cha mpaka miezi 6, na visa na kibali cha ukaazi vinafutwa. Raia anayemsaidia mgeni kufanya biashara hizo naye ana adhabu yake. Kupiga picha hakumo kwenye orodha hiyo. Nimeona watu wakiandika kwa uhakika kabisa kwamba kumo, hakumo. Ila angalia pembeni mwa kazi yako: ukifungua kibanda kule cha kuuza fremu na albamu hiyo ni rejareja na imo, ukiwachukua watalii ukawazungusha Mji Mkongwe ukiwaeleza historia huku unawapiga picha unaweza ukaambiwa unaongoza watalii, na hilo limo. Na kutokuwemo kwenye orodha ya biashara hakukuondolei ulazima wa ruhusa ya kazi, hizo ni sheria mbili tofauti, moja inasema ni biashara gani mgeni asiguse kabisa na nyengine inasema mgeni anayefanya kazi awe na kibali.

Sasa hizi itikadi za mtaani. Hii ya M-Pesa ndio imeenea zaidi, kwamba nikilipwa Kenya, na klaenti ni Mkenya, basi kazi ni ya Kenya. Hapana. Sheria za huku kwetu Afrika Mashariki zinaangalia mikono yako iko wapi unapofanya kazi, haziangalii simu iliyopokea pesa iko wapi. Wa pili anasema nampigia rafiki bure. Angalia sheria yetu wenyewe ya uraia na uhamiaji ya 2011, inamkataza asiye raia kufanya kazi, biashara au taaluma bila kibali, iwe kwa faida au malipo au bila. Bure haikuokoi. Bila shaka hakuna anayekamatwa kwa kumpiga picha shangazi yake akikata keki, lakini ukifika na taa tatu na msaidizi, hiyo "bure" inakuwa ngumu kuieleza. Wa tatu anasema ni siku mbili tu. Siku mbili zinabadilisha aina ya ruhusa, hazifuti haja ya ruhusa.

Halafu kuna ushauri mbaya kuliko yote, unapewa na watu wazima kabisa: sema unaenda kutembea. Jamani. Kukosa kibali ni kosa moja, kumdanganya afisa ni kosa la pili juu yake, na hilo la pili ndilo linaloweza kukufungia mlango ukaambiwa usirudi. Na uongo wenyewe haufichiki, maana begi linasema. Mtalii ana kamera moja shingoni. Wewe una kamera mbili za aina moja, lenzi ya 35 na ya 85, flashi mbili, stendi za taa, betri nane kwenye chaja, na kwenye simu yako kuna meseji ya bibi harusi inayosema "dipoziti nimetuma, balansi ukimaliza". Afisa akikuuliza unaenda kufanya nini, jibu lako na begi lako viseme kitu kimoja.

Tukiwa hapo hapo boda. Ukitoka Mombasa kwa basi, unavuka Likoni, Ukunda, Msambweni, mpaka Lunga Lunga, halafu Horohoro upande wa Tanzania. Siku hizi mfumo ni wa kituo kimoja, maafisa wa nchi mbili wanakaa jengo moja, kwa hivo ukienda unagongewa stempu ya kutoka Kenya na ya kuingia Tanzania upande wa Horohoro, ukirudi zote mbili unapata Lunga Lunga. Watakuuliza cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kibebe, wengi wanakisahau na hapo ndipo usumbufu unapoanza. Beba barua ya anayekualika, yenye jina lake, namba yake, mahali pa shughuli na tarehe, na beba karatasi ya ruhusa yenyewe ikiwa umeipata. Angalia stempu kabla ya kuondoka dirishani, tarehe na siku ulizopewa, kwa sababu itifaki inasema mpaka miezi 6 lakini afisa anaweza kukuandikia chache zaidi, na zilizoandikwa ndizo zinazohesabiwa.

Baada ya watu wa uhamiaji kuna watu wa kastamu, na hawa hawajali hata kidogo kama una kibali, wanajali vifaa. Wanataka kujua kama unaingiza kamera za kuuza. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inaruhusu kuingiza vifaa kwa muda bila kulipa ushuru, sharti vitoke tena, na muda wa juu ni miezi 12. Cha kufanya ni kuandika orodha ya kila kifaa na namba yake ya utambulisho (serial number), ile iliyochapwa chini ya kamera na pembeni mwa lenzi, uchape nakala tatu, na uwaonyeshe watu wa KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, unapotoka ili waigonge muhuri. Hiyo karatasi ina faida zaidi unaporudi kuliko unapokwenda. Kamera mpya mpya bila risiti wala orodha, ukirudi nayo Lunga Lunga utathibitishaje kwamba hukuinunua huko? Nimeona watu wamekaa pale saa nzima wanatafuta risiti kwenye imeli na mtandao hakuna.

Droni ni mambo mengine kabisa. Usiitie kwenye begi ukategemea bahati. Inataka ruhusa ya mamlaka ya anga ya nchi unayokwenda, TCAA kwa Tanzania, na kwa wanaokuja kwetu ni KCAA. Acha nyumbani mpaka uwe na karatasi.

Zanzibar nayo inawachanganya wengi. Uhamiaji ni jambo la Muungano, lakini mambo ya kazi si ya Muungano, Zanzibar ina sheria zake na ofisi zake za kazi. Maana yake ni kwamba kibali cha kazi cha bara usidhani kinakufungulia Unguja, na klaenti wa Nungwi anayekwambia "nilishamalizana na watu wa Dar" hajamalizana na wanaohusika. Muulize amekwenda ofisi gani.

Na tusiwe wepesi wa kulalamikia wenzetu tu. Wapiga picha wa nje wanaokuja Diani kupiga harusi za ufukweni wako katika hali ile ile. Tangu Januari 2024 Kenya iliondoa visa na kuweka idhini ya kusafiri inayoombwa mtandaoni, watu wakatangaza kwamba Kenya imekuwa wazi kwa dunia nzima, na ni kweli kwa maana ya kuingia. Lakini idhini hiyo si ruhusa ya kufanya kazi. Mgeni anayefanya kazi ya muda mfupi hapa anatakiwa awe na pasi maalum, na anayekamatwa bila ruhusa sheria inasema faini ya mpaka shilingi 500,000 au kifungo cha mpaka miaka 3, au vyote viwili. Wale wenye hoteli wanaoleta mpiga picha kutoka Ulaya na kumwita "mgeni wa bibi harusi" wanajua wanachofanya, na vijana wa Ukunda wenye kamera nzuri na uwezo wanakaa bila kazi wikendi hiyo hiyo.

Ukienda mbali zaidi hesabu zinabadilika, na ni vizuri kujua kwamba kila nchi ina mantiki yake. Marekani kwa mfano, kwenye visa ya biashara ya B-1, mpiga picha za mnato anaruhusiwa kuingia na kupiga picha muradi asipokee malipo yoyote kutoka chanzo cha Marekani. Kwa hivo gazeti au kampuni ya Nairobi ikikutuma New York kupiga picha zake na ikakulipa yenyewe kutoka huku, hiyo ina nafasi yake kisheria, lakini bibi harusi wa Minnesota akikulipa dola zake umeshatoka nje ya visa. Ukienda kama mwandishi wa habari kuna visa nyengine kabisa, ya I. Kumbe ile hoja ya "nalipwa Kenya" inayokwama Horohoro ina uzito huko, na nadhani ndiko ilikotoka, mtu alisikia ya Marekani akaileta Tanga. Visa ya Schengen yenyewe inakupa siku 90 za kukaa ndani ya kila siku 180, lakini habari ya kufanya kazi imeachiwa sheria ya kila nchi, kwa hivo kinachokubaliwa Ujerumani usikichukulie kuwa ndicho cha Italia.

Jambo la mwisho ni pesa na muda, na hapa nasema na wapiga picha wenzangu moja kwa moja. Anayefaa kuanza kuomba ruhusa ni yule aliyekualika, ukumbi au kampuni ya kupamba au familia, kwa sababu yeye yuko ndani na wewe uko nje, na ofisi inataka mtu wa ndani wa kujibu. Kwa hivo siku ile klaenti anapoulizia bei, kabla hamjafika kwenye idadi ya picha na albamu, muulize nani atashughulikia ruhusa na muandikiane. Ada ya ruhusa iwe laini yake kwenye kotesheni, isifichwe ndani ya bei ya picha, aione aelewe inakokwenda. Dipoziti isipungue gharama za ruhusa na nauli. Andika pia kitatokea nini ruhusa ikichelewa, kama utamtafutia mpiga picha wa huko huko akashika kamera siku hiyo na wewe ukahariri picha ukiwa Mombasa, maana kuhariri ukiwa kwako kwenye laptopu yako, kwenye nchi yako, hakuna afisa wa Horohoro anayekudai karatasi. Anza mapema, wiki kadhaa kabla, sio Jumatano kwa harusi ya Jumamosi.